Neno Moja Chini ya Boneti

Alama ya mkono ilikuwa kiunoni mwa gauni langu la njano: vidole vitano vyeusi vya oili chafu, vimetulia vizuri utadhani vimechorwa. Mama alinigeuza mara mbili kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, akaviangalia, kisha akanikwida hadi kifungo cha shingoni kikang'oka na kuangukia kwenye beseni la vyombo.

"Mkono wa nani huu?"

"Nimeegemea gari, Mama."

"Gari lina vidole?"

Mimi ni mshonaji, najua kuficha mshono uliokosewa hata mwenye nguo asiuone, lakini doa la oili ya injini halifichiki. Ukilisugua ndiyo kwanza linatanuka. Na niseme ukweli wangu, hata pale Mama aliponikwida nilikuwa bado nina furaha kifuani, kwa sababu mkono ule ulikuwa umenishika dakika kumi tu zilizopita, nyuma ya banda la gari, nami sikuwa nimeuondoa.

"Mwite kaka yako," alisema Mama.

Hakukuwa na haja. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mkate mkononi, ametusikia tangu mwanzo.

"Fundi?" aliniuliza. "Fundi wangu mimi, niliyemleta kwa mkono wangu?"

Huyo fundi kila mtu alimwita Namba Kumi. Walimbandika jina hilo mafundi wenzake, maana spana namba kumi ndiyo inayopotea kuliko zote, ukiihitaji, huioni. Naye ndivyo alivyokuwa, kazi ikiisha ameshatoweka, vijiwe havimjui. Lakini tangu Kaka amlete nyumbani kufunga turbo, kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini, kwenye gari aliloliacha marehemu Baba, hii ikiwa wiki ya tatu, Namba Kumi hakupotea hata siku moja. Alikuwa akifika kabla sijafungua cherehani yangu kibarazani, na akiondoka ameniaga mara mbili, mara ya pili akijifanya amesahau bisibisi.

Kaka aliutupa ule mkate chini, akatoka uani. Mama akamfuata hadi mlangoni, mimi nikawapita wote mbio.

Namba Kumi alikuwa ameinama kwenye injini. Alipotuona aliinuka, akaangalia uso wa Kaka, akaangalia gauni langu, akaelewa. Alijifuta mikono taratibu kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Mtu mwingine angekimbia, ukuta wenyewe ulikuwa mfupi.

"Nilikuleta ufunge turbo," Kaka alisema. "Sikukuleta umfunge dada yangu."

"Nilikuwa nikuambie leo, kaka."

"Usiniite kaka."

"Basi, mkuu. Nampenda. Nataka nije na wakubwa zangu, tuongee kwa adabu."

Kaka alimzaba kibao. Kilisikika hadi kwa jirani, maana redio ya huko ilizimwa papo hapo. Kichwa cha Namba Kumi kiligeuka na kikarudi palepale. Hakuinua mkono. Alinitazama mimi, na macho yale yalinitaka radhi kwa jambo ambalo mimi ndiye nililitaka.

"Adabu!" alisema Kaka. "Mtu wa kulala chini ya magari ya watu! Hatujui kwenu, hatujui baba yako, unanuka petroli hadi kwenye jasho, na unataka dada yangu? Mwenyewe umejitazama?"

"Nimejitazama."

"Sasa sikiliza. Rafiki zangu wote wanakuja hapa jioni kuliona gari hili. Utalimaliza. Likinguruma vizuri, unafunga boksi lako na mguu wako haukanyagi tena hapa. Lisiponguruma, utatoka kwa machela."

"Na wewe," Mama aliniita kutoka mlangoni, "ingia ndani!"

"Nani atapaka povu?" nilimjibu. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mama alirudi ndani akisonya, na mimi nikaokota kopo langu la maji ya sabuni.

Nieleze hilo povu ni la nini. Gari lilikuwa na ugonjwa tuliokuwa tukiuwinda kwa siku nne. Ukilikanyagia mafuta, turbo inaanza kupiga mluzi wake mwembamba, injini inavuta, inavuta, halafu ghafla mluzi unakatika, injini inakohoa na kutema moshi mweusi. Maana yake hewa iliyosukumwa na turbo inapotelea njiani kabla haijafika kwenye injini. Namba Kumi aliziba mdomo wa bomba la hewa kwa kifuniko, akachomeka mpira wa kompresa tuliyoazima kwa jirani, akaijaza mifereji yote upepo. Kazi yangu ilikuwa kupitisha brashi yenye povu juu ya kila kiungo. Palipo na tundu, povu linachemka.

Kompresa ilinguruma hadi meno yakatetemeka. Kaka alisimama juu yetu na spana kubwa, akiipigapiga kwenye kiganja. Nilipaka hapa, nikapaka pale. Kisha nikasikia kitu chini ya kelele yote ile, sauti nyembamba, kama uzi unapotaka kukatikia ndani ya cherehani. Nikaingiza mkono chini ya ile rejeta ndogo inayopoza hewa ya turbo, nikapaka bila kuona. Povu likafura na kunirukia usoni.

"Hapa!"

Namba Kumi alijipenyeza kando yangu, bega lake likanigusa. Klipu ya mpira ilikuwa imekaa upande, imebana nusu tu. "Siku nne," alisema, "na wewe umeipata kwa sikio. Cherehani," jina alilonibandika yeye, "Mungu anakuona." Akacheka. Shavu moja lilikuwa bado jekundu kwa kile kibao, na bado alicheka, nami nikampenda palepale.

Kaka alikiona kile kicheko.

Klipu ilikazwa, kifuniko na mpira wa upepo vikatolewa. Namba Kumi alikuwa anafunga vifaa alipoganda, macho yamekazwa kwenye turbo yenyewe.

"Nani amegusa kifimbo hiki?"

"Mimi," Kaka alisema. "Jana. Nimekifupisha kidogo."

"Kidogo? Umekizungusha raundi sita! Mkuu, kifimbo hiki ndicho kinachofungua kijimlango moshi upite pembeni presha ikizidi. Ukikifupisha hivi mlango haufunguki. Presha itapanda mpaka injini ipasuke."

"Gari ni langu."

"Ni lako, sawa. Lakini pistoni haijui ni la nani."

Ulikuwa utani wa mafundi tu, wa kila siku. Siku nyingine Kaka angecheka. Siku ile aliirusha spana.

Ilimpata juu ya nyusi. Nilisikia mlio wake kwenye mfupa, mlio mkavu, kisha spana ikaanguka kwenye saruji. Namba Kumi alipiga goti moja. Damu haikungoja, ilishuka juu ya jicho, juu ya mdomo, ikadondokea ovaroli. Nilipiga kelele, nikachana upindo wa gauni langu, nikamkandamiza nao. Yeye ndiye aliyenishika mikono ili niweze kumshika.

"Mpige na wewe," nilimnong'oneza. Naam, nilisema hivyo. Nilitaka damu ya ndugu yangu wa tumbo moja. "Kwa nini humpigi?"

"Nikimpiga, kesho nitaomba posa kwa nani?"

Alisimama. Alimtazama Kaka kwa jicho moja. "Umemaliza?" akamuuliza. Kaka alikuwa anahema. Namba Kumi akainama, akakirudisha kifimbo raundi sita, damu ikidondoka kwenye bomba.

"Sasa tunawasha," alisema. "Nikisikia mluzi sawasawa, naondoka. Na nitarudi, mkuu. Nakuambia mapema usije ukasema sikubisha hodi."

Aliingia garini, akakaa kwenye usukani. Boneti lilikuwa wazi, limesimama kati yake na sisi, hivyo hakutuona wala sisi hatukumwona. Kompresa ilikuwa bado inanguruma. Katika ugomvi ule hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Ngoja niutazame mkanda!" Kaka alimpigia kelele. "Nikisema washa, washa!"

"Toa mikono kwanza!"

"Usinifundishe!"

Kaka aliinama, akaingiza mkono wa kulia hadi kwenye mkanda wa feni, akaubonyeza kuona kama umelegea. Nilikuwa ubavuni kwake na kopo langu. Ndipo akaanza kuniambia, kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa.

"Akishawasha, unaingia ndani. Simu yako unanipa. Kesho unahamia kwa shangazi, na cherehani inabaki hapa."

"Siendi."

"Utakwenda."

"Mimi si gari la Baba, Kaka. Hukunirithi."

Mkono wake wa kushoto ulinidaka kifundo cha mkono, akakisokota. Alinisokota kama tulipokuwa watoto, ila sasa alikuwa mwanamume mzima na alikuwa anataka kuvunja. Niliona nyota. Mfupa ulilia. Kopo likaniponyoka.

"Utakwenda au huendi?"

"Wacha!" nilipiga ukelele. "Wacha!"

Ufunguo ukazungushwa.

Injini ilishtuka mara moja tu. Mkanda uliruka, ukauchukua mkono wa Kaka na kuuingiza kwenye puli, na nilichosikia kutoka kinywani mwake hakikuwa sauti ya mtu ninayemjua. Damu ilinirukia kifuani. Gari lilizimika hapohapo, kwa sababu Namba Kumi alikuwa amesikia kile kilio na kuukata ufunguo, lakini sekunde moja kwa mkanda ni nyingi.

Alikuja mbio, jicho moja limezibwa na damu yake mwenyewe. Hakuuliza. Alichukua spana, akailegeza bolti inayouvuta mkanda, akautoa mkono ule kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwa mtu. Akavua mkanda wa suruali yake, akamfunga Kaka juu ya kiwiko, akakaza kwa meno. Vidole viwili havikuwepo tena.

Kisha akaniangalia.

"Si umesema washa?"

"Nimesema wacha."

Tulitazamana juu ya kichwa cha Kaka aliyekuwa anaugulia. Kwetu sisi sote tunasema wacha. Shuleni mwalimu alinichapa kwa neno hilo, akitaka niseme acha, lakini ulimi wa nyumbani haukubali fimbo. Namba Kumi kwao wanasema acha. Wiki tatu nzima alikuwa hajanisikia nikigombana na mtu, na kwenye kelele ya kompresa, huku anangoja neno moja tu, alisikia lile alilokuwa analingoja, akadhani namfikishia la Kaka.

Uso wake ulibadilika. "Usiseme," aliniambia haraka. "Kwa yeyote. Watakutoa roho."

"Lakini—"

"Usiseme, Cherehani."

Mama alifika. Alimwona mwanawe, akaona damu, akamwona Namba Kumi na spana mkononi. "Ameniulia mtoto!" alipiga yowe. "Jamani, ameniulia!"

Majirani waliruka ukuta. Hawakuuliza swali. Wa kwanza alimpiga ngumi ya sikio, wa pili teke la mbavu, na alipoanguka wakawa wengi. Nilisikia mateke yakiingia. Nilimwona mwanamume mmoja, mtu mzima anayeniletea suruali zake nizipunguze, akiinua jeki. Nilijitupa juu ya Namba Kumi nikavutwa kwa nywele. Askari wawili wa doria, waliovutwa na kelele, ndio waliomwokoa kwa virungu, na walipomwinua pingu zilikuwa tayari mikononi mwake. Muda wote huo hakusema neno lolote. Na mimi pia, nisijipake asali, mdomo wangu ulikuwa unalia lakini neno lenyewe sikulisema.

Hospitali walimlaza Kaka kwenye kitanda cha mwisho wodini, mkono umefungwa bandeji hadi ukawa mkubwa kama mto. Namba Kumi walimkalisha benchi la nje, na askari mmoja pembeni yake. Hakuna aliyemshona. Askari mwingine, mwenye daftari, aliingia wodini.

"Aliwasha makusudi," Kaka alimwambia. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Nilimpiga na spana, akataka kulipiza."

"Nje nimemuuliza. Anasema alisikia vibaya. Namuuliza alisikia nini, hasemi."

"Atasema nini? Muuaji huyo."

Mama alinivuta hadi nyuma ya pazia. Macho yake yalikuwa yamevimba, na alininong'onezea kwa ukali ambao ulinichoma kuliko kelele.

"Wewe ulikuwepo. Utamwambia askari kwamba aliuona mkono wa kaka yako mle ndani, ndipo akawasha."

"Hakuuona, Mama. Boneti lilikuwa juu."

"Utasema aliuona. Kaka yako hana vidole viwili! Nani atashika usukani, nani atatushika sisi? Ukimtetea yule, usirudi kwangu. Mlango huo usiujue."

Nilikuwa na Mama mmoja, nyumba moja, cherehani moja. Na nje ya ukuta ule kulikuwa na mtu aliyekubali kwenda jela kwa sababu ya herufi moja iliyotoka mdomoni mwangu. Nilimpenda. Sikuwa na uhakika kama mapenzi ya wiki tatu yanatosha kuacha kwetu. Lakini nilijua siwezi kuvaa nguo, kula, wala kulala kama nikinyamaza tena.

Nilifungua pazia.

"Afande, neno lilikuwa langu. Nilisema wacha. Yeye akasikia washa."

Kofi la Mama lilinipata kabla sijafunga mdomo. Lilikuwa zito, na pete yake ilinichana mdomo. Wagonjwa waliinua vichwa. Askari akasema, "Mama, mbele yangu?" Nikaendelea, nikionja damu.

"Kaka alikuwa amenishika hapa." Nikanyoosha mkono. Kifundo kilikuwa kimevimba na kuwa zambarau. "Alikuwa ananivunja. Ndiyo maana nilipiga kelele."

"Mwongo!" Kaka alijaribu kuinuka. "Usimwandike huyu, afande, anamtetea hawara yake! Hakusema washa wala kitu kinachofanana na washa. Alisema wacha! Nilikuwa pale, sikio langu na mdomo wake, nilimsikia vizuri kabisa. Wacha, tena mara mbili!"

Kalamu ya askari ilisimama. Nesi aliyekuwa anatengeneza dripu alisimama pia. Kaka aliangaza huku na huku, akitafuta mtu wa kumuunga mkono, na macho yake yakaishia kwa Mama.

Mama alikuwa anaiangalia pete yake.

"Ulimsikia akisema wacha?" alimuuliza.

"Ndiyo, Mama! Si ndicho ninachosema?"

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Na hukumwacha?"

Kaka alifungua mdomo. Aliutazama ule mkono wa bandeji, kisha akautazama wa kushoto, ule mzima, ulionishika. Alianza kulia, kwanza taratibu, halafu kwa kwikwi, na sikuweza kumchukia wala kumwendea.

Mama alichukua mkoba wake, akatoka. Nilimfuata kwa mbali, nikiogopa anakwenda kummalizia yule aliyepigwa nusu ya kufa. Kwenye benchi, Namba Kumi aliinua kichwa. Jicho lilikuwa limefumba, mdomo umepasuka, pingu zimemkata ngozi, na jeraha la nyusi lilikuwa bado linavuja. Mama alisimama mbele yake, akalitazama lile jeraha.

"Nesi!" aliita, bila kugeuka. "Na huyu naye ni mtoto wa mtu. Ashonwe."

Kisha akanigeukia mimi. "Usidhani nimemkubali. Vidole vya mwanangu havirudi."

"Najua, Mama."

Namba Kumi alijaribu kusimama kwa heshima, pingu zikamvuta, akakaa. Alijaribu tena, askari akamwachia mnyororo. Alisimama amepinda upande wa mbavu, na maneno yalimtoka kwa shida kwenye midomo ile.

"Shikamoo, Mama."

Mama alitazama ukuta. Alitazama sakafu, na matone ya damu ya huyu, na viatu vyangu vyenye damu ya yule mwingine.

"Marahaba," alisema.